Usiku wa Diwali Leicester, wazee wetu tusiwasahau

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ya hapa Leicester, Uingereza, maana kila mwaka naona magazeti yetu yanaipitisha hii sikukuu kwa kapicha kamoja ka fataki basi imeisha. Mwaka jana nilienda Belgrave Road, ule mtaa wanaouita Golden Mile, taa zimetundikwa juu ya barabara, watu wamejaa hadi unatembea kwa mwendo wa kinyonga, Wahindu, Masingasinga, Waislamu, Wazungu, watoto mabegani kwa baba zao.

Mlangoni kwa nyumba moja mtaa wa nyuma kulikuwa na bibi anawasha diya, vile vitaa vya udongo, anasokota utambi wa pamba kiganjani, anauchovya kwenye samli, halafu anakinga kiberiti kwa mkono upepo usizime. Nikamsikia anamwita mjukuu "njoo hapa upesi", nikashtuka, nikamwambia shikamoo bibi, akaitika marahaba bila kusita! Kumbe ni Mhindi wa Kampala, walifukuzwa na Idi Amin 1972, wakapewa siku 90 tu kuondoka. Akanieleza usiku huu hakuna mwezi kabisa angani, ndo maana wanawasha taa, kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na utajiri, na kukumbuka mungu wao Rama alivyorudi mjini kwake Ayodhya.

Sasa mhariri, hawa wazee wanapungua jamani na Kiswahili chao bado kizima kabisa. Tumeni mwandishi na kinasa sauti Diwali ijayo akae nao, hata siku mbili tu.

Msomaji wenu,
Leicester