Barua kwa Mwalimu Zakaria juu ya wibari na wadogo wenzake

Mwanza

Mpendwa Mwalimu Zakaria,

Salaam nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa vijana wako wa darasa la Biblia. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia kwamba mnataka kuchora picha za wanyama wa Maandiko na kuzibandika ukutani. Umeniuliza ni wanyama gani hasa wanaotajwa kwa majina ya Kiebrania shafan na semamit, na ni akina nani wale wanane watambaao wa Mambo ya Walawi 11:29-30. Nakujibu mapema kwamba uhakika wetu haulingani kwa wote: kwa mmoja tunaweza kusimama kifua mbele, kwa wengine itatupasa kusema "huenda", na wapo wawili ambao ningekushauri usiwachore kabisa.

Nianze na shafan, ambaye Biblia yetu humwita wibari na ambaye wewe na mimi tunamjua kwa jina la pimbi. Sheria inasema hucheua lakini hana kwato zilizopasuliwa. Zaburi ya 104 inampa magenge kuwa kimbilio lake, na katika mstari huohuo inawataja mbuzi-mwitu wa milimani. Mithali 30:26 inasema ni dhaifu na hata hivyo nyumba yake ameiweka katika miamba. Sasa, ukifika Ein Gedi, kwenye magenge ya ufuko wa Bahari ya Chumvi, utawakuta mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu na pimbi wakiishi mahali pamoja mpaka leo. Mimi naupa ujirani huo uzito kuliko kamusi yoyote, kwa kuwa mtunga zaburi hakuwaweka hao wawili pamoja kwa ajili ya mapambo, bali aliandika alichokiona.

Mkanganyiko uliletwa na watafsiri wa Ulaya ya kaskazini, ambako pimbi hayupo. Luther aliandika jina la sungura wa aina hii tunayemfuga vibandani, na Waingereza wa 1611 walitumia jina lao la kale la sungura huyohuyo. Lakini asili ya sungura huyo ni nchi za Hispania, naye huchimba shimo kwenye udongo laini na hana haja ya mwamba. Sungura-mwitu wa nchi ya Israeli ni mwingine, naye ana jina lake, arnevet, katika mstari unaofuata wa sheria hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba wasomi hao wangeweza kumsikiliza Mtakatifu Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, aliyeishi Bethlehemu tangu mwaka 386 hadi kufa kwake. Katika barua yake moja anaeleza kwamba mnyama huyu hazidi ukubwa wa kalunguyeye, anafanana na panya na dubu kwa pamoja, yuko kwa wingi Palestina, na hukaa katika mapango ya miamba. Mtu aliyemwona pimbi akikutazama kutoka juu ya jiwe, uso wa panya na makalio ya dubu, hawezi kushindwa kumtambua hapo. Katika karne ya 10 naye Saadia Gaon, msomi wa Kiyahudi mzaliwa wa Misri, alipoitafsiri Torati kwa Kiarabu aliandika wabr, na ndiko lilikotoka wibari letu.

Najua vijana wako watakubana kwenye suala la kucheua, maana pimbi hacheui. Hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe. Majani anayokula huchachushwa katika mifuko mikubwa iliyoungana na utumbo, na hayarudi kinywani. Lakini wapeleke siku moja Kisiwa cha Saanane, hapa kwetu, wamtazame asubuhi anapoota jua. Kaa kimya karibu naye na utaona taya la chini likienda kushoto na kulia, polepole, hata kama hana kitu kinywani. Mchungaji wa mbuzi wa zama zile, ambaye hakuwa na sababu ya kumpasua mnyama asiyemla, angesema nini zaidi ya kwamba anacheua? Sheria ilimpa mtu alama za kutazama kwa macho yake porini, na mimi sioni haja ya kuitetea wala kuishtaki kwa elimu ya matumbo. Waonyeshe pia miguu yake: vidole vinne mbele na vitatu nyuma, vingi vikiwa na kucha butu kama kwato ndogo, na nyayo laini zenye unyevu zinazomwezesha kushika jiwe lililosimama wima. Nasisitiza pia kwamba huyu si ndugu wa mbali tu wa yule wa Ein Gedi, kwa maana spishi ileile, Procavia capensis, inapatikana pia kwenye miamba ya Mlima Kenya. Ukichora mmoja tu kwa ujasiri, mchore huyu.

Semamit hanipi shida kubwa. Mithali 30:28 inamweka katika majumba ya wafalme na kutaja mikono, na Waingereza wa 1611 walimfanya buibui. Biblia yetu imesema mjusi, nami naamini imelenga, kwa sababu Wayahudi wa Aleksandria waliotafsiri kwa Kigiriki waliandika jina la mjusi wa ukutani, tena Waarabu wana jina linalokaribiana na lile la Kiebrania kwa mjusi huyohuyo. Ni mjusi kafiri tu, mwalimu, yule wa kwenye dari yako, mwenye vidole bapa vilivyojaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mchore akiwa amenata kwenye nguzo ya ikulu.

Wale wanane ndio kazi. Sheria inawataja mfululizo bila kueleza tabia ya hata mmoja, kwa hiyo kigezo cha makazi na majirani, kilichotusaidia kwa pimbi, hapa kinatuacha mikono mitupu. Tzav yuko wazi kuliko wenzake: Waarabu wana dhabb, guruguru mkubwa wa jangwani mwenye mkia wa miiba, mla majani, anayepatikana Negevu, nchi kame ya kusini mwa Israeli. Rafiki zetu Waislamu wanamfahamu kupitia hadithi ya Khalid bin Walid, aliyemla huku Mtume akitazama na kujizuia, kwa kuwa hakuwa mnyama wa nchi ya watu wake.

Kwa koach wengi siku hizi husema kenge. Mimi nasita. Mishna, yaani sheria za mapokeo ya Wayahudi zilizokusanywa karibu mwaka 200, inawataja wanne kati ya hao wanane, yaani anaqah, koach, leta'ah na chomet, kwamba ngozi yao huhesabiwa sawa na nyama, na naichukua kuwa ni kwa sababu ya ulaini wake. Ngozi ya kenge ni ngumu kiasi cha kuwambwa ngoma, hivyo maelezo hayo yanamkaa vibaya sana. Wale watafsiri wa Aleksandria walimweka kinyonga mahali pa koach, ilhali watafsiri wengi wa sasa humweka kinyonga mwisho wa orodha, kwa tinshemet, wakiegemea asili ya jina hilo katika neno la kupumua, maana kinyonga hujijaza hewa mpaka akavimba. Wale wa Aleksandria, na Talmudi ya Wayahudi pia, walimwona tinshemet kuwa fuko. Kati ya hao wawili mimi namchagua kinyonga, kwa kuwa fuko anayepatikana nchini humo, kipofu achimbaye chini ya mashamba, huitwa na Waarabu khuld, na hilo linamvuta kwa choled aliyetangulia mwanzo wa orodha. Hata hivyo andika "huenda" chini ya picha zote mbili, za choled na tinshemet, kwa kuwa wapo wanaomfanya choled kicheche. Anaqah na chomet waache. Picha ya mjusi mdogo mmoja, bila jina, itawatosha.

Amebaki akhbar, panya, ambaye vijana watataka kumchora yule wa stoo. Wazuie. Katika 1 Samweli 6 Wafilisti wanaambiwa watengeneze panya watano wa dhahabu, mfano wa panya wanaoharibu nchi, na anayeharibu nchi kwenye uwanda ule wa ngano ni panya wa mashambani, ambaye mwaka mmoja huongezeka ghafla na kufyeka mavuno. Wachore panya mnene mwenye uso butu, masikio madogo na mkia mfupi, na wamweke katikati ya mashuke.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ndugu yako,
Elia