Simbilisi akilegea miguu mwezi wa nane, usikimbilie kulaumu baridi

Mwaka jana mwezi wa nane mama mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, alitufikia kwenye duka letu la chakula cha mifugo na kikapu kilichofunikwa khanga. Ndani simbilisi (guinea pig) wawili. "Mwanangu, baridi imewakamata miguu," akasema. Nikamtoa yule mkubwa: manyoya yamesimama, goti limevimba, na nilipomgusa mguu wa nyuma akapiga kelele. Nikamuuliza mama wanakula nini. "Pumba na mabua tu. Majani nitayatoa wapi kiangazi hiki?"

Jibu lilikuwa hapo hapo. Wale simbilisi walikuwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Baridi yetu ni kali, sikatai, na banda linalopitisha upepo huwatesa. Lakini simbilisi ana upungufu mmoja anaofanana na sisi binadamu: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ng'ombe anajitengenezea, mbuzi pia, hata sungura. Simbilisi lazima aipate kwenye chakula, kila siku, kwa sababu hawezi kuiweka akiba. Akiikosa kwa wiki mbili tatu, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, hataki kula, hataki kushikwa.

Ndiyo maana shida hii huku kwetu ina msimu. Kuanzia Novemba mpaka mvua zinapokatika, majani yako kila mahali na hakuna anayetuuliza chochote. Ikifika Agosti hata kando ya mfereji pamekauka, watu wanarudi kwenye pumba, na simu zinaanza kuita.

Sasa tuseme la kufanya. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi, mbichi au hei, na asiishiwe usiku na mchana. Meno ya simbilisi hayaachi kuota maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndefu ndiko kunakoyasaga. Pumba hailisagi jino. Inamnenepesha tu, halafu tumbo linasimama.

Ila hei peke yake haitoshi, kwa kuwa nyasi ikikaushwa vitamini C yake karibu yote inapotea. Hapo ndipo mboga inapoingia. Simbilisi wa kilo moja anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku, na mwenye mimba apewe za juu. Kipande cha hoho cha gramu 30, kama robo ya hoho ya wastani, kinampa zaidi ya 20. Pale soko la Mwanjelwa jioni utapata hoho zilizokunjamana kwa bei ya kutupa. Chukua, mradi hazijaoza. Sukuma wiki nayo ina vitamini C nyingi, ila usimpe hiyo tu kila siku, madini ya chokaa yakizidi yanaweza kuleta mawe kwenye kibofu. Changanya na matembele. Pera kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki, maana lina sukari.

Majani na maganda ya viazi mviringo usimpe, hasa ganda lililogeuka kijani, lina sumu. Najua simbilisi wengi wamekulia chini ya meko wakila kila kinachodondoka, lakini hili naomba mnisikie. Ndugu zetu wa Rungwe na Njombe, parachichi na majani yake pia hapana. Na kabla ya kukata nyasi pembeni ya shamba la viazi, muulize mwenye shamba amepuliza dawa lini.

Wengi huomba chakula cha sungura cha mfuko. Tunacho, lakini ukisema ni cha simbilisi hatukuuzii. Sungura anajitengenezea vitamini C, kwa hiyo kwa kawaida hakiongezwi humo, na vingine vina dawa ya kuzuia kuhara damu ambayo si salama kwa simbilisi.

Mizani ya dukani ni bure, mlete tumpime kila wiki. Uzito unashuka kabla hujaona dalili nyingine. Lakini kama hajala tangu jana, usije kwetu, nenda moja kwa moja kwa daktari wa mifugo. Na usimnyweshe amoksilini iliyobaki nyumbani. Inaua vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula, na simbilisi anaweza kufa kwa dawa yenyewe.

Yule mkubwa wa mama hakupona, tulichelewa. Mdogo alianza kutembea vizuri baada ya siku chache za hoho, na sasa mama ana tuta la matembele karibu na bomba.

Hei ya nyasi za Rhodes tunauza kwa robota au kwa kupima. Njoo na gunia lako la katani, usilete nailoni, maana hei ikifungiwa humo inaota ukungu, na hei yenye ukungu hata bure usimpe.