Barua kwa mwanangu kuhusu wasifu wa mzee wa dukani

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na poleni na msiba. Sishangai kwamba familia imekupa wewe kazi ya kuandika wasifu wa mzee. Nyumba ile ina wasemaji wengi, mwandishi hakuna. Una siku mbili. Utaandika kesho jioni. Leo omba sanduku lake.

Mtu aliyekwenda Bama (Burma, siku hizi Myanmar) katika Vita Kuu vya Pili na Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akarudi akafungua duka, akaishi mpaka kuvuka miaka mia, habari zake zimesimuliwa sebuleni hapo mpaka zimeota matawi. Wasikilize wote na uitikie, lakini kwenye karatasi weka kile ambacho kuna kitu cha kukitolea ushahidi.

Anza na medani. Zikiwa chafu ziache hivyo hivyo, maana kuzisugua kunakula maandishi. Zenye umbo la nyota ya pembe sita, rangi ya shaba, ndizo zinazosema alikokwenda. Zote zina herufi za Mfalme George wa Sita katikati, na kwenye duara linalozizunguka limeandikwa jina la nyota. Duara likiwa limefutika, tazama utepe. Wa Bama ni mwekundu katikati, bluu nzito pande zote mbili, na kila bluu imepasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa. Wenye rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati ni Nyota ya Afrika, ya waliopigana na Waitalia kule Uhabeshi 1940 na 1941. Medani ya mviringo, nyeupe, yenye simba aliyesimama juu ya joka, hiyo walipewa wote waliotumikia siku 28, hata karani wa stoo. Usiandike vita kwa sababu yake. Na wakikwambia alipigana Madagaska 1942 nawe huoni nyota ya Madagaska, usimfanye marehemu mwongo. Haikutolewa.

Sasa jambo linalowaponza wengi: nyota zile Waingereza walizitoa bila kuandika jina la mtu. Geuza nyuma, hakuna kitu. Kwa hiyo nyota iliyomo sandukuni inaweza kuwa ya kaka yake, au ya rafiki aliyeiacha rehani dukani. Ndiyo maana unahitaji karatasi ya kuachishwa jeshi, au walau picha.

Kwenye karatasi tafuta namba ya batalioni. Ikiishia na 6, yaani 6, 26, 36 au 46, hiyo ni Keya ya Tanganyika. Ya 26 na ya 36 zilikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ya begani ni kifaru. Hao walifanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo), wakaingia Bama katikati ya 1944, wakashuka Bonde la Kabaw kutoka Tamu hadi Kalewa wakati wa masika ya huko, matope mpaka magotini, na mwezi Desemba wakavuka mto Chindwin. Ya 46 haikuwa nao. Ilikuwa kwenye Brigedi ya 28, iliyopigana mapema 1945 magharibi ya mto Irrawaddy. Basi mtu wa 46 asisimuliwe Kabaw, hata kama wajukuu wanaipenda hadithi hiyo. Na kama alikuwa dereva, pania (askari wa kazi za mikono), mpiga mizinga au dresa wa hospitali, liandike hivyo bila haya. Wengi walikuwa hao, na mara nyingi udereva wa jeshi ndio uliozaa lori la biashara.

Jihadhari na meli. Tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Kijapani iliizamisha Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6 tu, ilhali kila mji una mzee anayesemekana "aliogelea siku ile." Kama hakuwa mpiga mizinga na hakuna karatasi, andika kwamba alivuka bahari. Inatosha.

Umri utakusumbua. Uliomo kwenye karatasi ya jeshi ni wa kukisiwa: mwandikishaji alimtazama kijana, akaandika. Andika "takriban 1922", uache hivyo. Akitokea anayedai mzee alipigana Vita Kuu vyote viwili, mwulize kwa upole mtoto wake wa mwisho alizaliwa lini. Hesabu itajisema yenyewe.

Kwenye biashara ndiko wasifu nyingi zinakuwa nyepesi. Utaambiwa: "Alifungua duka baada ya vita na kulihudumia hadi uzee." Haiwezekani, siyo katika nchi hii. Duka la Tanzania la miaka hiyo lilifungwa na kufunguliwa tena, na kila mara palikuwa na sababu yenye mwaka wake. Waulize hivi: 1976, kwenye Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, yeye alifanyaje? Alilima? Alihamishia sukari uani? Lori lake, kama alikuwa nalo, lilichukuliwa kwenda Kagera wakati wa vita vya 1978 na 1979, na lilirudi? Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopita, alikuwa na nini kwenye shelfu? Na mizigo ilirudi lini, kabla au baada ya milango ya biashara kulegezwa 1984? Majibu manne hayo yatakupa nusu ya wasifu, tena nusu ambayo watu wazima pale msibani wataitikia kwa vichwa.

Tazama na mizani. Mawe ya ratili yakiwa bado yamo kwenye droo, duka hilo ni la kabla ya kilo. Hesabu zilizoandikwa kabla ya 1966 ni za shilingi ya Afrika Mashariki. Ya Tanzania iliibadili shilingi kwa shilingi, kwa hiyo usigawe wala kuzidisha.

Familia nayo iwe hivi. Andika majina ya wake wote na watoto wote, walio hai na waliotangulia, halafu usiku wa kuamkia mazishi msomee shangazi mkubwa orodha hiyo faraghani. Mtoto mmoja wa nje akisahaulika, hakuna atakayekumbuka hata sentensi moja ya Bama. Wajukuu na vitukuu toa idadi tu. Maneno yote yasizidi 400; msomaji akilia katikati, dakika tano zinakuwa kumi. Miaka iandike kwa maneno kwenye nakala ya kusomea, maana tarakimu huwakwaza wasomaji wenye machozi.

Bado daftari la mikopo. Utalikuta chini ya medani au chini ya godoro: jina, "sukari robo, mafuta ya taa chupa 1, sabuni nusu mche," na mstari wa penseli juu ya kila aliyelipa. Kurasa za mwisho zitakuwa na wasiokatwa, na baadhi yao watakuwa wamekaa kwenye mkeka mbele yako. Wasifu usitaje hata jina moja. Mwenye kutangaza atasema yale ya kawaida, kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa aonane na familia. Wewe litie daftari kwenye bahasha, gundi, mkabidhi msimamizi wa mirathi, na usiondoke kabla hajakusainia.

Baba yako