Kabla hujaondoka na ile simu

Salt Lake City, Jumanne usiku

Mwanangu, mama yangu,

Mdogo wako ndiye aliyeniambia kwamba safari imevutwa karibu, kwamba mnaondoka Jumamosi hii na si mwisho wa mwezi. Ungeniambia mwenyewe. Haya, hayo tuyaache. Naandika kwa sababu kwenye simu tutagombana, na jambo lenyewe sitaki liishie kwenye ugomvi. Ni zile sauti za bibi yako ulizozirekodi, zote kumi na nne. Nakuomba usitoke Utah zikiwa ndani ya simu hiyo peke yake.

Utaniambia zimejihifadhi zenyewe kwenye intaneti. Ndivyo ulivyosema hata kwa zile picha za ubatizo wa mdogo wako, na mpaka leo bibi ananiuliza ziko wapi.

Hofu hii nimeipata Alhamisi, kwenye kikao cha chama chetu cha kutunza kumbukumbu za watangulizi, wale Wamormoni wa kwanza kuja Utah. Tulikuwa tisa tu. Mama mmoja alituletea boksi la marehemu baba yake, na ndani mlikuwa na kanda tatu za miaka ya sabini. Mzee huyo alilelewa na bibi yake, aliyekuja bonde hili kwa miguu akiwa msichana mdogo, nyuma ya mkokoteni. Kabla hajafa, mzee alikaa na mashine akasimulia yote aliyoyasikia kwake. Tukaiweka kanda ya kwanza. Mvumo. Halafu sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, neno moja hapa, jingine pale, "theluji", "mama", mara utepe ukajikunja ndani ya mashine na kukatika. Yule mama hakulia. Alivikusanya vipande vya utepe mezani kwa kiganja, kama mtu anayekusanya chembe za mkate, akavirudisha ndani ya boksi. Katibu wetu alimwambia wapo mafundi wa kuunga kanda, na ni kweli wapo. Mimi niliendesha gari mpaka nyumbani nikiwaza simu yako.

Sasa lile neno ulilolisema mezani. Sikulijibu kwa sababu mkwe wangu alikuwepo. "Hao si babu zetu, baba." Limenikaa kifuani wiki tatu.

Ni kweli, si babu zetu. Kuna chama kikubwa cha mabinti wa watangulizi, kilianza 1901, na makumbusho yao yako pale karibu na bunge la jimbo. Kuingia humo sharti uwe mzao wa mtu aliyefika Utah kabla ya 10 Mei 1869, siku reli ilipounganishwa. Wewe hutaingia, na sina ugomvi nao, kila ukoo hutunza makaburi yake. Lakini chama chetu hiki kidogo hakikuniuliza ukoo. Kiliniuliza kama naweza kubeba maboksi. Nikabeba. Katibu akanifundisha kushika karatasi kuukuu: mikono ioshwe na ikauke kabisa, penseli peke yake mezani, pini za chuma zitolewe taratibu kwa sababu kutu hula karatasi. Kisha nikaanza kusoma nilichokuwa nakibeba.

Waliotoka Iowa City mwaka 1856 wakivuta mikokoteni kwa mikono kuja huku waliruhusiwa ratili kumi na saba za mizigo kwa mtu mzima, kama kilo nane hivi. Nguo, blanketi, vyombo, vyote humo. Nilipofika hapo niliinuka, nikaenda kuushika ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji lililotuleta, ulioning'inia nyuma ya mlango wa bibi. Unajua kilichokuwemo tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mikokoteni yao mingi ilikuwa ya mbao mbichi, ikakauka na kupasuka njiani. Makundi mawili ya mwisho, la Willie na la Martin, yalichelewa kuondoka, theluji ikawakuta Wyoming mwezi kama huu wa Oktoba, wakafa zaidi ya watu mia mbili. Levi Savage, mmoja wa viongozi wadogo wa kundi la Willie, alikuwa amewaonya wasubiri mpaka majira ya baridi yapite. Hawakumsikiliza, naye akasema basi atakwenda nao na kuteseka pamoja nao. Habari zilipofika huku, Brigham Young, kiongozi wa kanisa, alisimama mbele ya mkutano tarehe 5 Oktoba akaomba nyumbu, magari ya kukokotwa, unga na watu wa kwenda kuwachukua, na watu wakatoka.

Ukisoma vitabu vyao vya safari utaona kifo cha mtoto kimepewa mstari mmoja, na mstari unaofuata ni maili walizotembea siku hiyo. Si kwamba hawakuwa na moyo. Bibi yako naye husimulia hivyohivyo, umemsikia.

Na usidhani naishika hadithi hii nusu nusu. Kundi la kwanza la mwaka 1847 lilikuwa na watu 148, na watatu kati yao walikuwa Weusi, Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Kwenye ile sanamu ya Brigham Young katikati ya mji majina yao yapo, lakini bamba linawaita watumishi. Walikuwa watumwa. Mimi nikiwapitisha watoto wa shule pale nalisema neno hilo kwa sauti, na hakuna mtu wa chama aliyewahi kunizuia. Nawaambia pia kwamba bonde hili halikuwa tupu, wenyeji wake, Wayuti na Washoshoni, walikuwa wakipita na kuwinda humu, na kuja kwa magari yale kuliwaumiza. Na kwamba kuanzia 1852 mpaka Juni 1978 mwanamume Mweusi hakupewa ukuhani katika kanisa hili letu la Wamormoni. Ulipolijua jambo hilo ulikuwa na miaka kumi na minne, ukaja kuniuliza nikakuambia tuyaache ya zamani. Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka kutoka zamu ya usiku. Lilikuwa jibu baya.

Ningekupa Jane Manning James siku ile. Alikuwa mwanamke huru wa Connecticut. Mwaka 1843 alitoka na ndugu zake kwenda Nauvoo, Illinois, makao ya kanisa wakati ule, na walipofika Buffalo wakakataliwa kupanda chombo cha majini kwa sababu ya rangi yao, wakatembea maili kama mia nane. Viatu viliisha, miguu ikapasuka, nyayo zao zikawa zinaonekana chini kwa damu. Akaingia bonde hili Septemba 1847. Miaka miwili baadaye jirani yake, Eliza Lyman, aliishiwa unga nyumbani, na Jane akampa ratili mbili, karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao. Alipokuwa mzee aliomba mara nyingi apewe baraka za hekaluni kama wenzake, akanyimwa mpaka akafa mwaka 1908. Tangu 2022 sanamu yake iko kwenye ile hifadhi ya mlango wa bonde, pamoja na wale watatu.

Huo unga tunaujua kwa sababu Eliza aliuandika kwenye kitabu chake. Ile damu tunaijua kwa sababu Jane, uzeeni, alikaa akasimulia na mwanamke mwingine akaandika. Mama, wewe ndiye yule mwanamke mwingine. Bibi yako hajui kuandika. Watu wa kwetu Fizi, Kongo, waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka ule wa kukimbia ni wengi kuliko hao wa mikokoteni, na niambie, ni wangapi walioandikwa? Ndiyo maana narudia jambo lilelile kama mtu aliyepungukiwa. Zitoe zile sauti kwenye simu.

Wewe umepata kwake kitu ambacho mimi sikukipata, kwa sababu ulilala chumbani mwake mpaka ulipoolewa, na Kibembe cha nyumba hii kilibaki chumbani humo. Sebuleni nilitaka Kiswahili, shuleni wakataka Kiingereza. Wadogo zako hawaelewi hata salamu yake.

Ile sauti ya tisa nimeisikiliza, mara moja tu, ile Jumapili uliyoisahau simu jikoni. Kuna mahali anafika ufukweni pale mjini Baraka na yule mtoto, halafu inasikika televisheni inawashwa kwa sauti kubwa, naye ananyamaza. Aliyewasha unamjua. Usiikate sehemu hiyo. Ibaki kama ilivyo.

Na mwaka jana uliponiuliza kama chama kinaweza kuzihifadhi, nikakujibu kwamba rafu zile ni za waliofika kabla ya reli, hakuna aliyenituma kusema vile. Sikuwa nimemwuliza mtu yeyote. Alhamisi, baada ya yale ya kanda, nikauliza. Mikono ilinyooka kabla sijamaliza. Walichotaka ni ridhaa ya bibi mwenyewe, na mtu wa kuandika tafsiri ya Kiswahili na Kiingereza pembeni ya Kibembe chake. Akitaka sehemu fulani isisikilizwe mpaka afe, watafunga. Nimemwuliza Jumapili baada ya ibada. Alifikiri sana, akasema waziweke, ila majina ya wale watu wabaya yaondolewe, kwa sababu wana watoto nao. Sikuwahi kufikiria kwamba wana watoto.

Tafsiri utaifanyia hukohuko, polepole, ukitoka zamu. Si lazima iishe mwaka huu. Sauti zenyewe ndizo zisizoweza kungoja.

Nimeona ajabu kwamba ni Iowa City mnakokwenda, mahali hasa walipoifunga ile mikokoteni na kuanza kuivuta. Pale Coralville, jirani kabisa, kuna bustani ya ukumbusho wa kambi yao. Nenda Jumamosi moja, usiende kwa ajili yangu, nenda uone jinsi walivyoanzia mahali tambarare, wala milima haionekani. Nyinyi mtapita njia yao kinyumenyume kwa siku mbili, na gari lenye hita. Mkilala Omaha, makaburi yao ya Winter Quarters, kambi yao ya zamani ya majira ya baridi, yako hapohapo mjini, upande wa kaskazini. Lakini Wyoming msisimame kuangalia chochote. Ile njia kuu ya 80 hufungwa kwa upepo na theluji hata mwezi huu, na gari lenu lina tairi za kiangazi. Nimezungumza na fundi, Alhamisi saa tatu asubuhi ana nafasi, nimeshalipia mbili, mbili zilizobaki alipie mumeo. Wekeni blanketi ndani ya gari na maji, mkiona barabara imefungwa laleni mlipo, hata kama kazi inaanza Jumatatu. Levi Savage nimekutajia kwa sababu.

Hiyo kazi yenyewe, nimemwambia kila mtu. Wewe ni wa kwanza ukoo wetu kuvaa sare ya uuguzi, na nilipoiona leseni yako na jina la bibi yako limechapwa juu yake nilitoka nje nikakaa ndani ya gari kidogo. Mama yako alidhani nimeitwa kazini.

Mengine. Dawa za presha za bibi, ile orodha iliyo kwenye friji ni mwandiko wako na mimi siusomi vizuri, iandike upya kwa herufi kubwa, asubuhi gani na jioni gani. Mama yako amekufungia sombe pakiti sita, ziko kwenye friza ya gereji na si ya jikoni, na dagaa wako kwenye ndoo ya bluu. Sufuria kubwa ibaki, tuna harusi ya binti wa mjomba wako mwezi ujao, na mchango wenu haujafika, mjomba ameniuliza mara mbili nikaona haya. Kuna barua ya kodi imekuja kwa jina lako la zamani, iko juu ya kabati. Mwambieni rais wa tawi letu la kanisa kabla hamjaondoka, hata kwa ujumbe, ili kumbukumbu zenu ziwatangulie huko na msikae miezi bila watu wa kuwajua. Nimeambiwa Wakongo ni wengi Iowa na Kiswahili mtakisikia hata dukani. Kibembe sijui.

Ijumaa njooni saa kumi na mbili jioni, si saa mbili usiku kama kawaida yenu. Nitakuwa na diski mbili, moja ya chama, moja itakaa chumbani kwa bibi ndani ya ule mfuko mweupe. Njoo na waya wa simu, na simu iwe na chaji, na nafasi iwepo humo, futa hata zile video za vichekesho. Bibi hulala saa mbili, na leo asubuhi ameniambia bado ana moja ya kukuambia. Televisheni nimeshaihamishia gereji.

Baba yako