Hadithi isiishie kwenye kipindi cha Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie masimulizi kama njia ya kufundishia, kwa kuwa naona shule zetu zinayatumia kwa uchache mno. Hadithi husimuliwa kwa watoto wa madarasa ya awali, kisha hupotea hadi sekondari, inakorudi ikiwa mada ya fasihi simulizi, na mwanafunzi hukariri tanzu, vipera na sifa zake kwa ajili ya mtihani bila hata kusimuliwa ngano moja. Walimu wa Hisabati na sayansi, kwa upande wao, huiona kuwa haiwahusu.

Mimi nafundisha Fizikia, na nikifika kwenye mada ya joto siandiki kanuni ubaoni kwanza. Huanza na Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi wa shule yake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaingiza kwenye jokofu. Siku moja, akihofia kukosa nafasi jokofuni, Mpemba aliyaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto, na walipokuja kuangalia, yake yalikuwa yameganda ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yalikuwa bado hayajaganda. Hapo mimi hunyamaza. Yupo atakayesema vyombo vilibadilishana, mwingine atataja mvuke uliopunguza maziwa, mwingine atauliza kama chombo cha moto hakikuyeyusha barafu iliyokuwa chini yake, na hoja hizi mbili za mwisho ni miongoni mwa zile ambazo wanasayansi wenyewe wamezijadili. Ndipo huendelea: Mpemba alipomuuliza mwalimu wake kwa nini ya moto yaliganda kwanza, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alipomuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam swali lilelile, wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu jambo hilo, na huwaambia wanafunzi wangu hivyo bila kuficha.

Hisabati nayo ina hazina yake. Kisa cha mzee aliyeacha ngamia 17, mwana wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi na wa tatu sehemu moja ya tisa, kinajulikana na wengi. Jirani anaazimisha ngamia wake, wanakuwa 18, wanagawana 9, 6 na 2, kisha anaondoka na ngamia wake. Mtoto anayetaka kujua kiini cha mazingaombwe hayo atajumlisha mwenyewe sehemu zenye asili tofauti, bila kushurutishwa, mpaka apate 17/18, yaani sehemu hizo hazifiki kizima.

Najua nitajibiwa kwamba kipindi ni dakika 40 na madarasa yamefurika. Kisa cha Mpemba hakimalizi dakika tano, na darasa lililofurika ndilo linalohitaji zaidi kitu cha kulishika pamoja. Kinachoharibu, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kumaliza kila hadithi kwa kuuliza “inatufundisha nini?”, swali ambalo wanafunzi huliitikia kwa pamoja kwa jibu walilolizoea tangu darasa la pili. Ni afadhali hadithi ikatwe mahali penye utata, wabaki wakibishana.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ualimu na wathibiti ubora wa shule. Mwalimu mwanafunzi anapotathminiwa darasani, huangaliwa andalio la somo, zana na matumizi ya ubao. Uwezo wake wa kusimulia kisa kinachohusu mada uwekwe pia kwenye fomu hiyo, tena kwa masomo yote, kwa sababu kisichotolewa alama chuoni hakuna mwalimu kijana atakayehangaika kukiandaa.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro.