Tamasha la bure chuoni lisimsubiri mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Kila muhula vyuo vikuu vidogo vya mikoani hutangaza muziki wa bure, ngoma na kwaya, majirani wote karibuni. Muhula ukiisha, lawama ni zile zile: wananchi hawaji, na bajeti haikutosha. Sisi tunaofunga vyombo vya muziki na kupanga ratiba za shughuli hizi hapa Morogoro hatukubali lawama hata moja kati ya hizo. Fedha huwa ipo, ila huishia kwenye mapambo ya jukwaa, vitambaa vya viti na soda za meza kuu. Na wananchi huja. Kinachowarudisha nyumbani ni ratiba iliyopangwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Tangazo linasema saa 9 alasiri, mgeni anafika saa 11, hotuba zinakwisha saa 12, na muziki unaanza wakati mama wa mtaa wa jirani ameshakwenda kuinjika chakula cha usiku. Tunashauri tamasha lianze saa 10:15, swala ya Alasiri ikiwa imekwisha, na lifungwe saa 11:45, kabla ya Magharibi. Hizo ni dakika 90, zinatosha vikundi vitatu. Hakuna taa za kukodi, na daladala za kurudia bado zipo.

Siku iwe Alhamisi. Jumamosi vyombo vyote vya mjini viko harusini, bei imepanda, na fundi mtakayempata ni yule aliyebaki. Jumamosi hiyo hiyo ni siku ya ibada kwa Wasabato, na jioni kwaya nyingi zina mazoezi ya Jumapili. Kuanzia Machi hadi Mei msiahidi uwanja wa wazi. Mvua ya Uluguru haiangalii tangazo.

Hatusemi mgeni rasmi asialikwe. Hotuba yake iwekwe katikati, baada ya kikundi cha kwanza. Kuondoa ngoma jukwaani na kuipanga kwaya huchukua dakika nane hadi kumi, na dakika hizo zikipita kimya watu huinuka. Apewe mgeni hizo hizo, asimame pembeni mwa jukwaa kwenye maiki yake yenye stendi, mafundi waendelee na kazi nyuma yake. Akichelewa, mshereheshaji anaeleza habari za kikundi kinachofuata, na hakuna atakayejua kwamba kuna mtu alitarajiwa. Kwa utaratibu huu hotuba haiwezi kuzidi dakika kumi, jambo ambalo itifaki peke yake haijawahi kulifanikisha.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko getini. Vyuo vingi vina daftari la wageni: jina, simu, unakotoka, unakwenda kwa nani, saini. Mtu mmoja huchukua kama sekunde 25 kuandika. Watu 300 kwa daftari moja ni zaidi ya saa mbili, yaani tamasha zima limeisha foleni ikiwa bado ipo. Siku ya tamasha daftari lifungwe, lango la pili lifunguliwe, walinzi wakague mifuko tu. Kuhesabu watu kunataka mwanafunzi mmoja kwa kila lango, mwenye punje za mahindi mfukoni: mtu akipita, punje moja inakwenda kwenye kopo. Na ile kanuni ya mavazi iliyobandikwa getini isimhusu jirani. Mama aliyejifunga kanga akirudishwa leo, msimtarajie mwezi ujao, wala shoga zake. Jingine dogo lakini linaudhi: mhudumu wa usafi huondoka saa 10 na funguo za vyoo. Apatikane mtu wa kubaki nazo.

Sasa umeme, maana hapa ndipo matamasha mengi hufia. Soketi moja ya kawaida inabeba ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Spika mbili zenye amplifaya ndani, mikisa (chombo cha kuchanganya sauti) na kinanda hukaa humo bila shida yoyote. Kinacholeta kizaazaa ni birika la chai ya wageni, ambalo peke yake linaweza kula wati 2,000 hadi 3,000, nalo mara nyingi limechomekwa chumba cha nyuma kwenye laini ile ile. Swichi kubwa inaruka, ukumbi unapiga kelele, na lawama anabeba fundi sauti. Chai ichemshiwe kwenye mkaa.

Waya nao una hesabu yake. Waya wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 50, ukipitisha ampea 10 hupoteza takriban volti 12 njiani. Kama umeme wa jioni umeshashuka hadi 200, jukwaani zinafika 188, na chombo kisichovumilia umeme mdogo huweza kujizima katikati ya wimbo. Waya wa 2.5 katika hali hiyo hiyo hupoteza kama volti 7 tu. Ekstensheni ya gurudumu ivutwe yote hata kama jukwaa liko karibu, kwani waya uliobaki umeviringika hupata joto kali hadi plastiki inalainika. Jenereta la akiba la kVA 5 hutoa karibu kilowati 4. Msilipakie zaidi ya 3, na liwekwe nyuma ya jengo, mita 30 hivi, moshi ukielekea kusiko na watu. Kabla ya kubadili kutoka umeme wa TANESCO kwenda jenereta, spika zizimwe kwanza. Zinapowashwa tena, ziwe za mwisho.

Katika sauti, kosa tunalolikuta kila mahali ni kuweka spika chini kisha kuongeza nguvu. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6. Kwa hiyo watoto wa mstari wa mbele wanaziba masikio huku wazee walio nyuma wakiulizana kinachosemwa. Spika zipandishwe hadi mdomo wake wa juu upite vichwa vya watu, mita 2 au zaidi, zikiinamishwa kidogo kuelekea katikati ya hadhira. Kama uwanja ni mrefu, ongezeni spika mbili ndogo mita 30 mbele ya jukwaa na mzicheleweshe kwenye mikisa kwa milisekunde 87, kwa sababu sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Bila kuchelewesha, watu wa nyuma husikia kila neno mara mbili.

Maiki kupiga mluzi ni suala la mahali na mkono. Mshereheshaji anayeteremka na maiki isiyo na waya hadi mbele ya spika atapata mluzi, hata vyombo viwe vya bei gani. Wanafunzi wanaoimba rap hufunika kichwa cha maiki kwa kiganja, na hapo maiki iliyotengenezwa kusikia upande mmoja huanza kusikia pande zote. Waelezwe kabla ya kupanda. Kwaya ya watu 20 haihitaji maiki 20. Mbili nzuri kwenye stendi ndefu, mbele yao kwa mita moja na nusu, zinatosha kabisa.

Bwalo la mabati na sakafu ya saruji lina mwangwi mkali likiwa tupu. Fundi akipima sauti saa 7 mchana asistuke sana; watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sehemu kubwa ya mwangwi huo. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni muziki. Hakuna spika ya kushindana nayo.

Ngoma za asili zinataka moto, na hili halimo katika fomu yoyote ya chuo. Ngozi hulegea kwa unyevu wa jioni, kwa hiyo wapigaji hupasha ngoma zao moto hadi ngozi ikaze na itoe mlio wanaoutaka. Ikikaa kivulini nusu saa, inalegea tena. Kikundi kikipangwa cha tatu, kiwe na moto wake unaowaka hadi zamu yake ifike. Tatizo ni mlinzi anayeona makuti yanawaka nyuma ya maktaba na kuyamwagia maji. Iandikwe mapema kwenye kibali cha chuo: mahali pa moto, ndoo mbili za mchanga, na jina la anayeusimamia. La sivyo mtasikia ngoma zinazolia kama maboksi, kisha mtu aseme vijana wa siku hizi hawajui kupiga.

Kwa vyombo vyenye sauti ndogo kama udi na ganuni, ala za nyuzi za taarabu, mambo ni kinyume. Viwekwe mbele, mbali na ngoma, maiki ikiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye nyuzi, na visiachwe juani hata kidogo kwa sababu joto hupotosha tuni.

Kuna dhana kwamba tamasha lisilo na kiingilio halihitaji vibali. Linavihitaji. Kuna BASATA, baraza la sanaa, kuna polisi, kuna serikali ya mtaa, na mkipiga nyimbo za watu, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kibali kinatolewa na nani. Mji huu uliotoa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba unapenda zilipendwa, na bendi za wanafunzi hazikosi kupiga za Mbaraka Mwinshehe. Alifariki mwaka 1979, na haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa wenzetu wa Zanzibar ofisi husika ni BASSFU kwa sanaa na COSOZA kwa hakimiliki.

Mwisho, bure ni kwa msikilizaji. Mpiga ngoma aliyetoka Matombo ana nauli, na ngoma yake inalipiwa mzigo kwenye basi. Kumwambia alete ankara na namba ya mlipakodi, kisha asubiri wiki sita, ni kumfukuza kwa adabu. Ombi la masurufu, yaani fedha taslimu za shughuli, lipelekwe kwa mhasibu wiki tatu kabla, likitaja posho ya kila msanii, nauli na chakula, na fedha zilipwe siku ile ile kwa kusaini, vyombo vikiwa bado vinakusanywa.

Ni sisi,
Mafundi vyombo na waandaaji wa shughuli za vyuo,
Morogoro