Tarehe moja, siku mbili tofauti

Mhariri,

Safu yenu ya "Siku kama ya leo" huisoma kabla hata ya kurasa za michezo. Ila kuna jambo hunikera. Kila ifikapo Aprili 23 tunaambiwa kuwa waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, mwaka 1616. Tarehe zinafanana, siku hazikuwa moja! Hispania ilikuwa imehamia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, tangu 1582, ilhali Uingereza iling'ang'ania ile kongwe ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku kumi wakati huo, hadi 1752. Basi Shakespeare alipokata roho, kalenda ya Hispania ilisoma Mei 3. Tena wataalamu wengi husema Cervantes alifariki Aprili 22, na 23 ndiyo aliyozikwa.

Sadfa za kweli zipo, na zinashangaza zaidi. John Adams na Thomas Jefferson, marais wa zamani wa Marekani na mahasimu wa kisiasa waliokuja kupatana uzeeni, walifariki wakipishana saa chache tu, Julai 4, 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru wa Marekani. Nayo Novemba 9 ya Ujerumani ni nzito ajabu: 1918 ilitangazwa jamhuri, 1938 masinagogi ya Wayahudi yalichomwa moto na Wanazi, 1989 Ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Watu waicheze ngoma au wavae nyeusi? Ndiyo maana sikukuu ya taifa ikawekwa Oktoba 3, siku Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990.

Ombi langu ni dogo: pale kalenda zinapotofautiana, ongezeni mstari mmoja wa maelezo. Nafasi mnayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi